Ukurasa wa Vikongwe wa Ulaya

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipouandika ukurasa ule, na niliuandika kwa furaha.

Nilikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari ya bweni, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, katika miaka ya sabini. Nilitokea Ushirombo, binti wa katekista, na baba alipenda kuwaambia watu baada ya misa kwamba hakuna binti mwingine wa Kisumbwa pale kwetu aliyefika chuo kikuu. Nilipanga vyumba viwili mtaa wa Ngokolo, mjini, na kwenda kazini kwa baiskeli. Katika muhtasari mzima wa kidato cha tatu nilipenda sehemu moja tu kwa moyo wote, ile ya Ulaya ilipoanza kugeuka. Wafalme wanawanyang'anya maaskofu ardhi. Mtawa mmoja anaandika malalamiko dhidi ya kanisa lake, na kabla ya mwaka kwisha yamesomwa nchi nzima kwa sababu mashine ya kuchapa imeshapatikana. Wachoraji wanapasua maiti wajue misuli inavyokaa ili wamchore mtu kama alivyo. Mzee mmoja anaelekeza bomba lenye vioo mwezini, anaona milima, kisha anapigishwa magoti na kulazimishwa kukana kile anachokiamini. Nilifundisha habari hizo kama vile nilikuwapo.

Mwanafunzi aliyenielewa kuliko wote alikuwa kiranja mkuu, mtu mzima wa miaka ishirini na moja. Alichelewa kuanza shule kwa sababu ya kuchunga ng'ombe wa baba yake, kwa hiyo alisoma kama mtu anayekimbizwa. Sauti yake ilikuwa nzito na ya upole, na aliposimama kuuliza swali wenzake waliacha kuandika wamsikilize.

Bibi yake nilimwona mara moja tu. Ilikuwa Jumamosi ya wazazi. Alishuka kwenye lori la pamba akiwa na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kibuyu cha maziwa ya mgando, akasimama kwenye geti bila kujua aende wapi. Nilimfuata.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu Kisukuma, nikimwita mama.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu."

Alifurahi kusikia lugha yake kwa mtu aliyevaa viatu vya kisigino. Alitaja jina la mjukuu wake, nikamwambia ninamfundisha mimi.

"Anasoma?"

"Anasoma sana. Ndiye wa kwanza darasani."

"Nilimlea kwa maziwa ya mbuzi," alisema. "Mama yake alikufa mtoto hajaota hata jino. Mimi si bibi yake wa damu. Mimi ni mke mdogo wa babu yake." Kisha akaniuliza, "Unamfundisha nini?"

"Habari za Wazungu wa zamani."

Alifikiri kidogo. "Nao walikuwa na njaa?"

"Ndiyo, mayu. Njaa, vita, na watoto kufa."

"Maskini," alisema, na niliona kuwa anawahurumia kweli.

Macho yake yalikuwa mekundu kabisa, kope zimeliwa, machozi yanamtiririka bila kulia. Nikamuuliza kama yanamuuma. Alisema ni moshi. Kuni zilikwisha zamani, walipikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, na nyumba yao mpya ilikuwa ndogo. Wakati huo watu walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vipya. Kaya zilizokuwa zimetawanyika mbugani, kila moja nyuma ya ua wake wa minyaa, zilipangwa kwenye mistari, mlango kutazama mlango. Bibi yule aliyeishi na majirani aliowajua kwa miaka arobaini alijikuta katikati ya watu wasiomfahamu, wanaomwona kila asubuhi akitoka na macho yale.

Mjukuu wake alikuja akitembea haraka. Wasichana wawili wa kidato cha pili walikuwa wamesimama karibu, wakinong'onezana, mmoja akajifunika mdomo kwa kiganja. Aliwaona. Akapokea kikapu bila kumtazama bibi usoni.

"Bibi, gari litakuacha," alisema.

Lori lilikuwa halina haraka. Dereva alikuwa anakula. Lakini bibi aligeuka akarudi, akapanda, akakaa juu ya marobota karibu saa nzima kwenye jua, na mjukuu hakutoka bwenini tena mpaka lori lilipoondoka. Mimi niliyaona yote hayo kupitia dirisha la ofisi ya walimu, nikaendelea kusahihisha madaftari.

Ukurasa wenyewe niliuandika kama wiki tatu baadaye. Vitabu vyetu vilikuwa vichache na vya zamani. Kimoja kilieleza kwamba Mwafrika huishi kwa hofu ya uchawi wakati Mzungu huishi kwa akili. Kiliniudhi. Zama zile mwalimu kijana alitakiwa kuudhika na vitabu vya namna hiyo, na mimi niliudhika kwa bidii. Nikaamua kuwaonyesha wanafunzi kwamba katika miaka ileile ya mashine ya kuchapa, ya wachoraji na ya bomba la vioo, Ulaya iliwachoma moto watu wake kwa tuhuma za uchawi, na wengi wao walikuwa vikongwe wajane. Jambo hilo halikuwamo katika muhtasari. Nililitafuta mwenyewe katika madaftari yangu ya chuo.

Nilipiga taipu kwenye stensili, nikazungusha mashine ya kudurufu mpaka vidole vikawa vyeusi kwa wino. Niliandika kwamba kazi hiyo haikuwa ya wajinga. Waliowahukumu walikuwa mahakimu waliosoma vyuo vikuu. Vitabu vya kuwatambua wachawi vilichapwa vikauzwa nchi hadi nchi. Wachoraji hodari kabisa waliwachora vikongwe uchi, wakipika watoto kwenye vyungu. Mvua ya mawe ikiharibu ngano, kikongwe alikamatwa. Mtoto akifa, kikongwe alikamatwa, akanyimwa usingizi siku nyingi mpaka akiri, na akishakiri alitaja wenzake. Niliandika vizuri. Kwa Kiingereza changu cha chuo sentensi zilikuwa fupi na zenye nguvu, na zilipofika chini ya ukurasa stensili ikaisha.

Darasa lilinisikiliza kuliko siku yoyote. Kabla ya kengele kiranja mkuu alisimama.

"Mwalimu, hawa walikuwa watu waliosoma?"

"Waliosoma sana."

"Na baada ya hapo ndipo wakapata viwanda?"

"Baada ya miaka mingi, ndiyo."

"Sasa waliacha kwa sababu gani?"

Jibu nililijua. Mahakimu walianza kutilia shaka ushahidi, wakaona mtu anayeumizwa husema lolote analotakiwa kusema. Lilikuwa jibu la dakika tano, na dakika tano sikuwa nazo. Pia nilikuwa nimelewa kwa namna walivyokuwa wakinitazama.

"Labda vikongwe waliwaishia," nikasema.

Darasa zima likacheka. Alicheka na yeye, kwa aibu kidogo, akakaa na kuandika kitu kwenye pembe ya karatasi. Nilikusanya vitabu vyangu nikatoka nikiwa nimefurahi.

Likizo ikaja. Shule ilipofunguliwa kiranja mkuu hakurudi. Siku ya tatu niliitwa kwa mkuu wa shule. Pale ofisini alikuwapo askari mmoja aliyevaa kiraia, mtu mnene mwenye kikohozi, na mezani mbele yake palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne hata mikunjo yake ikaanza kuchanika. Niliitambua kabla hajaifungua. Jina la shule lilikuwa juu, na pembeni masahihisho yangu ya kalamu.

"Uliandika wewe?" askari aliuliza.

"Niliandika mimi."

"Inasema nini? Kiingereza changu si cha kusoma haraka."

Nikamsomea kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, nikiwa nimesimama. Aliniacha nimalize. Halafu akanieleza kwamba kijijini kwa kiranja mkuu kikongwe mmoja ameuawa kwa panga, na karatasi hii ilisomwa kwenye kikao cha ukoo kabla ya mauaji.

"Nani aliisoma?"

"Mwanafunzi wako."

Niliuliza kikongwe ni nani. Askari alitazama daftari lake. "Mke mdogo wa babu yake. Macho mekundu, wanasema."

Mkuu wa shule hakuuliza lolote juu ya bibi. Aliniuliza swali moja, askari alipokwishatoka. "Ukurasa huu umo katika muhtasari?"

"Haumo."

"Basi hatukuutoa sisi. Uliutoa wewe." Akaniambia nipite madarasani nikusanye nakala zote. Nilizikusanya. Wanafunzi walinipa bila kunitazama, wengi walikuwa wamezibandika ndani ya daftari kwa gundi ya uji, tukazing'oa na kurasa zao. Mkuu mwenyewe alisimama nyuma ya jiko akazitazama zinavyoungua, mpishi akizichochea kwa mwiko mrefu wa ugali. Alitaka shule isionekane gazetini. Haikuonekana. Mimi nilipewa barua ya onyo.

Hakuna aliyenituma kwenda kijijini kwao. Nilikwenda Jumapili kwa lori, upande wa barabara ya Kahama, nikateremka kwenye kijiji cha mistari iliyonyooka, bati moja la ofisi na nyasi kwingine kote. Nilimkuta baba wa kiranja. Alikuwa ameachiwa na polisi siku mbili kabla. Mwanawe, yule kiranja, na mdogo wake yeye mzee walikuwa bado ndani. Alikuwa mkulima wa pamba, mrefu, amebatizwa, na rozari ilining'inia juu ya mlango wake. Alinipa kigoda, akaagiza maji ya kunywa, akakaa nami kwa heshima yote anayostahili mwalimu.

Alisimulia bila kupandisha sauti. Surua ilipita kijijini, ikawachukua watoto wawili wa mwanawe mkubwa, kaka wa kiranja, katika wiki moja. Ukoo ukaenda kwa mfumu, mganga wa kupiga ramli, akapasua kuku, akatazama ndani, akasema aliyewala anakula nanyi, macho yake ni moto. Hakutaja jina. Hakuna aliyehitaji kutajiwa.

"Mimi nilikataa," alisema. "Niliwaambia, huyu amenilelea mwanangu. Nikawaambia mimi ni Mkristo, mambo ya kuku sitaki. Tuligombana mchana kutwa. Wazee wawili walikuwa upande wangu. Tungeshinda, mwalimu. Walikuwa wameanza kuchoka."

"Halafu?"

"Halafu mwanangu akaomba kusema. Sisi tulinyamaza, maana ndiye msomi wetu. Akatoa karatasi. Akaisoma Kiingereza kwanza, tusikie kwamba imeandikwa kweli, halafu akaigeuza kwa Kisukuma. Akasema, mnadhani haya ni ya washenzi? Wazungu walifanya. Na si watu wa porini, mahakimu, watu wa vitabu. Waliwamaliza, ndipo wakapata viwanda. Mdogo wangu akamuuliza, waliwamaliza wote? Akasema, mwalimu wetu alisema waliacha pale vikongwe walipowaishia."

Alinitazama.

"Mwanao alikuwa anamchukia?" nikauliza.

"Hapana. Alikuwa anamwonea aibu." Alifikiri akaongeza, "Nadhani kuchukia kungekuwa afadhali. Mtu anayechukia hubembelezwa."

Wazee wawili waliokuwa upande wake walinyamaza baada ya karatasi. Yeye naye alinyamaza. Siku ya nne walikuja watu wawili kutoka kijiji kingine, jua limeshapanda. Bibi alikuwa anaanika michembe juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Majirani walikuwa kwenye milango yao, mstari mzima, maana ndivyo nyumba zilivyopangwa. Mwanamke mmoja aliingiza watoto ndani. Bibi aliita jina la mjukuu wake, mara mbili. Mjukuu alikuwa nyumbani. Hakutoka.

"Na wewe?" nikauliza.

"Nilikuwa shambani," alisema. "Nilijua ni siku hiyo, nikaenda shambani."

Nilimwomba anionyeshe alipokuwa akikaa. Hapakuwa na nyumba. Walikuwa wameivunja, miti ya paa imepelekwa kujengea zizi la mbuzi la jirani, na mbuzi walikuwamo tayari. Kaburi lilikuwa nje ya mstari wa mwisho, halina msalaba, kwa sababu katekista wa pale aliogopa. Mimi niliyelelewa na katekista nilisimama pale na sikuweza kukumbuka sala nzima.

Tuliporudi kwenye vigoda mzee aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Mwalimu, niambie. Ilikuwa kweli?"

"Kuwaua, ndiyo. Waliwaua."

"Na maendeleo yakaja kwa sababu hiyo?"

"Hapana. Hayakuja kwa sababu hiyo. Waliacha kwa sababu mahakimu wenyewe walikuja kuona kwamba ushahidi ni uongo. Kwamba wamewaua watu wasio na kosa."

"Wasio na kosa," alirudia. "Hilo liliandikwa kwenye karatasi?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ukurasa uliisha," nikasema.

Aliinama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na kuiona ni ya kawaida. Hakunifukuza. Alinisindikiza mpaka barabarani akasimama nami mpaka lori lilipokuja, na tulipoagana alinishukuru kwa kuja kuwapa pole. Nafikiri angenitukana ningelala usiku ule.

Kesi haikufika popote. Mstari mzima wa nyumba haukuona kitu. Wale watu wawili hawakupatikana, na miezi michache baadaye kiranja na baba yake mdogo waliachiwa. Shuleni hakurudi. Mtihani wa kidato cha nne darasa lake lilifanya vizuri sana katika historia, na mkuu wa shule yuleyule aliandika barua nyingine kunipongeza. Zote mbili zilikaa kwenye faili moja.

Niliendelea kufundisha. Watu huniuliza kwa nini sikuacha, wale wachache niliowaeleza. Sikuwa na kazi nyingine. Nilifundisha Ulaya ileile, mtawa na wafalme na mzee wa bomba la vioo, kwa kufuata muhtasari, bila mzaha. Mwaka mmoja msichana wa mbele aliuliza kama Ulaya kulikuwa na wachawi. Nilimwambia swali hilo halitatoka kwenye mtihani. Nikaona anavyokunja uso, nikageukia ubao.

Miaka ya themanini nilihamishiwa Kahama. Bidhaa zilikuwa zimeadimika nchini. Sabuni ilikatwa vipande, na sukari ilikuwa habari ya kusikia. Siku moja nilikuwa sokoni Nyasubi nikitafuta mafuta ya taa, mtu akaniita kutoka ndani ya duka.

"Shikamoo, mwalimu."

Alikuwa yule kiranja mkuu, amenenepa. Alivaa saa, na kidole chake kimoja kilikuwa na pete ya dhahabu nzito. Alikuwa amekwenda Bulyanhulu kuchimba kama wengine wote, akabahatika, akaacha kushuka shimoni na kuanza kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Duka lilikuwa la mke wake. Alinikaribisha kiti, akafuta vumbi kwa kitambaa chake mwenyewe, akamwita mke wake.

"Huyu ndiye mwalimu wangu niliyekuwa nakuambia. Alikuwa anafundisha mpaka unaiona Ulaya mbele yako." Akanigeukia. "Historia yako mimi naikumbuka mpaka leo."

Mke wake alinisalimia kwa kupiga goti. Niliuliza habari za baba yake. Alisema mzee alifariki. Nikampa pole. Kisha, kwa sababu nilikuwa nimelibeba swali hilo miaka yote bila kujua nimelibeba, nikamuuliza.

"Kaburi la bibi mmeliwekea msalaba?"

"Bibi yupi, mwalimu?"

Nilimtazama kuona kama anajifanya. Uso wake ulikuwa wazi, wa mtu anayetaka kumsaidia mgeni.

"Aliyekulea kwa maziwa ya mbuzi."

"Aa," alisema. Alitazama mlangoni, watu walikuwa wakipita. Sauti yake ilikuwa ileile ya zamani, nzito na ya upole. "Yale yalikuwa mambo ya wazee. Mimi nilikuwa mwanafunzi tu, nilisoma nilichopewa."

Akainama chini ya meza, akatoa sukari kilo mbili zilizofungwa kwenye gazeti. Nikafungua pochi, akanizuia mkono.

"Mwalimu halipi hapa."

Nyumbani nilikuwa na watoto watatu ambao mdogo wao alikuwa hajawahi kuonja chai yenye sukari. Nilisema asante. Nikaiweka chini kabisa ya kikapu, nikaifunika kwa kanga ili nisiombwe njiani, nikaenda.